Mikrokontrola ipi kwa kipima nguvu? Mwongozo kamili, kwa mfano wa kubangua korosho Mtwara

Vijana wa ufundi hapa Mtwara wakitaka kutengeneza kipima nguvu, swali la kwanza huwa lilelile: ninunue bodi ipi ya mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayosoma kihisi), Arduino au ESP32? Swali hilo huja mapema mno. Kazi ndiyo inayochagua kihisi (kifaa kinachogeuza nguvu kuwa ishara ya umeme), na kihisi ndicho kinachochagua mikrokontrola. Ukifuata mpangilio huo, mara nyingi utaishia na bodi ya bei ndogo kuliko uliyodhani. Pesa inayobaki utaiweka panapostahili, yaani kwenye kihisi chenyewe na chuma cha kukishikilia.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: kupima nguvu inayotumika kubangua korosho kwa kikata cha mkono. Vikundi vya ubanguaji vya Mtwara mjini, Newala, Tandahimba na Masasi wanakijua kifaa hicho. Korosho moja inawekwa katikati ya visu viwili vilivyopinda, mshikio unashushwa, ganda linapasuka, kisha punje inatolewa. Nguvu ikizidi punje inavunjika, na punje iliyovunjika bei yake si ya punje nzima. Ikipungua, ganda linabaki limeshikana na mbanguaji anarudia. Kifaa kinachoonyesha nguvu kwa namba kitakuwezesha kulinganisha korosho zilizopikwa kwa mvuke muda mfupi na zilizopikwa muda mrefu, au visu vilivyonolewa na vilivyo butu. Huo ni msaada wa kweli kwa mama anayekaa kwenye kikata kutwa nzima, na ndiyo maana mradi huu naupenda kuliko ule wa kuwasha taa.

Hatua ya 1: Eleza kazi kwa namba

Kabla ya kununua chochote, pata majibu ya mambo matatu: nguvu kubwa kabisa utakayopima, tofauti ndogo kabisa unayotaka kuiona, na jinsi nguvu hiyo inavyobadilika haraka.

Ile kubwa unaweza kuikadiria bila kifaa chochote cha umeme. Weka korosho kwenye kikata, ning'iniza ndoo tupu kwenye mshikio, pale mkono unaposhika, kisha ongeza maji lita moja moja hadi ganda lipasuke. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1 hivi, na usisahau uzito wa ndoo. Kisha angalia wenzo. Tuseme kutoka kwenye egemeo hadi mkononi ni sentimita 40, na kutoka kwenye egemeo hadi kwenye kisu ni sentimita 10. Hapo nguvu ya kisuni ni mara 4 ya ile ya mkononi, kwa hiyo kilo 15 za maji zinakuwa kilo 60 kisuni. Ukitaka nyutoni, zidisha kwa 9.78, ambayo ndiyo nguvu ya uvutano kwa kila kilo katika latitudo yetu ya nyuzi 10 kusini: takriban nyutoni 587. Namba hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Zako zitatoka kwenye kikata chako.

Rudia kwa korosho kubwa, ndogo, mbichi na zilizopikwa. Aina za mikorosho ni nyingi, na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele hapo nje ya mji ndicho kinachoongoza kazi hiyo nchini, kwa hiyo usitarajie gunia moja likupe jibu la mkoa mzima. Chukua namba kubwa kabisa uliyoipata, izidishe mara moja na nusu au mbili. Huo ndio uwezo wa kihisi utakachotafuta. Kwa mfano wetu ni kilo 100.

Hatua ya 2: Chagua kihisi

Kuna familia mbili utakazokutana nazo madukani. Ya kwanza ni kile kihisi bapa chembamba kama karatasi, FSR, ambacho ukinzani wake hushuka unapokibana. Kwa FSR 402, bila mguso ukinzani unazidi omu milioni 10, na kiwango chake cha kazi ni kama nyutoni 0.2 hadi 20. Ni rahisi sana kukiunganisha: rezista moja ya kiloomu 10, pini moja ya analogi (inayosoma volti), basi. Kinafaa kujua kama kitu kimeguswa au hakijaguswa, au kimebanwa kidogo ama sana. Hakifai kupimia. Ukikibana vilevile mara mbili, namba hazitalingana sawasawa, na ukikiachia hakirudi kwa njia ileile kiliyoendea. Mradi wako ukiwa wa kugusa, chukua FSR na bodi yoyote yenye pini ya analogi. Usomaji wako unaweza kuishia hapa.

Ya pili ni lodiseli: kipande cha chuma au alumini kilichobandikwa vihisi mkazo vinne, vilivyopangwa kwa daraja la Wheatstone (mpangilio wa rezista nne unaotoa volti ukinzani wake ukibadilika). Chuma kikipinda kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, daraja linatoa volti ndogo. Zipo za umbo la mche, zipo za herufi S, na zipo zile za mizani ya bafuni, ambazo kila moja ina nyaya tatu na hutakiwa kuunganishwa nne kwa pamoja. Kwa kikata chetu ninapendekeza ya herufi S ya kilo 100, kwa sababu inakaa wima chini ya kisu cha chini na kupokea msukumo moja kwa moja.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya milivolti

Hapa ndipo mikrokontrola inapochaguliwa hasa, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwenye karatasi ya lodiseli utaona maandishi kama 2 mV/V. Maana yake, kwa kila volti 1 unayoilisha, inatoa milivolti 2 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Ukiilisha volti 5, kilo 100 zinatoa milivolti 10. Hizo ndizo zote ulizonazo.

Sasa chukua Arduino Uno. Kitengo chake kinachogeuza volti kuwa namba, ADC, kina biti 10, yaani kinagawa volti 5 katika hatua 1,024. Kila hatua ni milivolti 4.88. Milivolti zako 10 zitaonekana kama hatua 2. Kifaa chako kingekuwa na majibu matatu tu: sifuri, kilo hamsini hivi, na kilo mia hivi.

Wengi wakifika hapa husema, basi nichukue ESP32, yenyewe ina biti 12. Tuhesabu. Inafanya kazi kwa volti 3.3, kwa hiyo lodiseli iliyolishwa volti hizo itatoa milivolti 6.6. Hatua zake ni 4,096, kila moja milivolti 0.8 hivi. Unapata hatua 8 kwa kilo 100. Umebadilisha bodi na bado huna kipimo. Tena ADC ya ESP32 inajulikana kwa kutokuwa sawia, hasa kwenye ncha zake mbili.

Kwa hiyo bodi yenye biti zaidi haitatui tatizo hili. Linalolitatua ni kikuzaji kinachokaa kati ya lodiseli na mikrokontrola. Kinachopatikana kwa urahisi ni kibao kidogo cha HX711: kinakuza mara 128, kina kigeuzi chake cha biti 24, na kinahitaji pini mbili tu za kawaida kwenye bodi yako. Biti za mwisho huliwa na kelele ya umeme, lakini kelele yenyewe ni nanovolti 50 hivi katika mwendo wake wa polepole. Kwa lodiseli yetu hiyo ni sawa na nusu gramu. Kutoka kilo hamsini hadi nusu gramu, na ADC ya bodi haijatumika kabisa. Ndiyo maana ukishakuwa na HX711, tofauti ya biti 10 na biti 12 kwenye tangazo la bodi haina maana kwako.

Hatua ya 4: Angalia kasi

Ganda la korosho halipasuki polepole. Nguvu inapanda mshikio unaposhuka, inafika kileleni, kisha inaporomoka ghafla. Ukikosa kilele, umekosa jambo lenyewe.

HX711 ina mwendo wa aina mbili: usomaji 10 kwa sekunde au 80 kwa sekunde. Vibao vingi vya bei nafuu vimefungwa kwenye 10. Katika mwendo huo chipu inahitaji milisekunde 400 ili namba yake itulie baada ya mabadiliko, na kwa 80 ni milisekunde 50. Kwa kupima gunia lililotulia, 10 zinatosha kabisa. Kwa mpasuko wa ganda, hapana. Ukitaka 80, pini ya 15 ya chipu, inayoitwa RATE, itolewe kwenye hasi iliposhikwa na kuunganishwa na chanya. Ni kazi ya sindano na mkono mtulivu, kwa hiyo kama hujazoea kuchomelea kwa risasi mpe fundi simu mwenye darubini.

Hata 80 bado ni chache kwa mtu anayetaka kuona umbo zima la mpasuko. Huyo atumie kikuzaji cha analogi kama INA125, na hapo ADC ya bodi inarudi kazini. Kukuza kwake hupangwa kwa rezista moja: gawanya 60,000 kwa omu zake, ongeza 4. Rezista ya omu 200 inakupa mara 304. Milivolti 10 zinakuwa volti 3.04, ambazo Uno inazisoma kama hatua 620 hivi, yaani hatua moja kwa kila gramu 160. Si usahihi wa dukani, lakini kwa nguvu ya kisu unatosha, na Uno inaweza kusoma mara elfu kadhaa kwa sekunde. Daraja la lodiseli lilishe kutoka volti 5 zilezile zinazotumiwa na ADC. Volti ikiyumba, vyote viwili vinayumba pamoja na kosa linajifuta.

Hatua ya 5: Sasa chagua bodi

Arduino Nano ya kawaida au Uno R3. Zote mbili zina chipu ya ATmega328P: megahezi 16, kilobaiti 32 za programu, kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi, volti 5. Mifano ya programu ni mingi, na bodi inavumilia makosa ya anayejifunza. Kwa mtu wa kwanza mwenye HX711 ninamwambia achukue Nano bila kusita.

Kikomo chake utakiona ukitaka kuhifadhi usomaji mwingi. Kila usomaji ukichukua baiti 2, kilobaiti 2 hazifiki hata namba elfu moja na mia, na programu yenyewe inataka sehemu yake. Ukisoma mara 1,000 kwa sekunde, nafasi inajaa kabla ya sekunde kuisha. Ukitaka kilele peke yake, hilo halikusumbui, maana unahifadhi namba moja kubwa kuliko zote. Ukitaka mchoro mzima wa nguvu kupanda na kushuka, chukua Raspberry Pi Pico. Chipu yake ya RP2040 ina kilobaiti 264 za kumbukumbu, kwa hiyo namba 100,000 zinaingia na nafasi inabaki. Ni ya volti 3.3, basi na daraja lilishe volti 3.3.

ESP32 ichukue kwa sababu moja ya msingi: unataka namba zifike kwenye simu kwa Wi-Fi au Bluetooth. Kwa kikundi cha ubanguaji hilo linaweza kuwa na maana kubwa, maana kioo cha simu tayari kipo mkononi na hununui kingine. Lakini jihadhari na mambo mawili. Pini zake hazivumilii volti 5, kwa hiyo HX711 iunganishe kwenye 3.3. Pili, HX711 hujizima pini yake ya SCK ikibaki juu kwa zaidi ya mikrosekunde 60. ESP32 ikishughulikia Wi-Fi katikati ya usomaji inaweza kuchelewa hivyo, nawe ukaona namba za ajabu zinaruka bila sababu. Tumia maktaba ya programu inayozuia kukatizwa wakati wa kusoma.

ESP8266 ina pini moja tu ya analogi, lakini na HX711 inafanya kazi vizuri kama tayari unayo. STM32 ya bodi ya bluu ni nzuri, ila chipu za kuiga zimezagaa na zitamchosha anayeanza. ATtiny85 iache hadi mradi wako ufanye kazi na utake kuufanya mdogo.

Hatua ya 6: Umeme

Umeme hukatika, na ubanguaji mwingi unafanyika barazani au chini ya mti. Nano yenye HX711 na lodiseli ya omu 350 inakula kama miliampea 40. ESP32 yenye Wi-Fi iliyowashwa inazidi 100 kwa wastani, na inaporusha data inaruka juu zaidi. Betri moja ya lithiamu ya miliampea-saa 2,500 itaendesha ya kwanza saa 60 hivi kwa hesabu ya haraka, kabla ya kutoa upotevu, na ya pili kama saa 20. Pawabanki ni njia rahisi, lakini nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno. Jaribu yako kwa saa nzima kabla ya kuitegemea.

ESP32 ikijiwasha upya yenyewe kila inapounganisha Wi-Fi, kabla ya kulaumu programu badilisha waya wa USB na chaja.

Hatua ya 7: Kununua

Vipuri vingi vya aina hii hutoka Kariakoo na kuja kwa vifurushi vya mabasi ya Dar es Salaam–Mtwara. Kipuri kimoja kikiungua, umesubiri basi jingine na umelipa nauli ya kifurushi mara mbili. Kwa hiyo agiza HX711 mbili na bodi mbili, lodiseli moja. Muulize muuzaji bodi ina pini zilizokwisha kuchomelewa au la.

Nano za kuiga hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, na kompyuta nyingine huhitaji programu yake ya kuitambua. Ipakue ukiwa mjini penye mtandao mzuri, kabla hujaenda Nanyamba au Kitaya. Kama programu inagoma kupanda, kwenye orodha ya bodi chagua ATmega328P (Old Bootloader). Na hakikisha waya wako wa USB unapitisha data. Nyaya nyingi za chaja za mtaani zina waya mbili tu za umeme.

Hatua ya 8: Kuunganisha

Nyaya za lodiseli kwa kawaida ni hivi: nyekundu E+, nyeusi E−, kijani A+, nyeupe A− (alama hizi zimeandikwa kwenye kibao cha HX711). Viwanda havifuati wote rangi hizo, basi hakiki kwa multimita: jozi yenye ukinzani mkubwa zaidi ndiyo mara nyingi ya kulishia. Namba zikishuka unapobana, badilishana kijani na nyeupe. Upande wa pili, DT iende pini ya 3 ya Nano, SCK pini ya 2, kisha chanya na hasi.

Programu ya kuanzia iwe fupi hivi:

#include "HX711.h"
HX711 kipimo;
void setup() {
  Serial.begin(9600);
  kipimo.begin(3, 2);
  kipimo.tare(20);
}
void loop() {
  Serial.println(kipimo.get_value(10));
}

Inarudisha sifuri inapowaka, kisha inatoa namba ghafi. Bana lodiseli kwa kidole uone namba zinapanda, achia uone zinarudi. Zisiporudi karibu na sifuri, tatizo liko kwenye chuma: boliti imelegea, au lodiseli inagusa kitu pembeni. Inatakiwa iguse juu na chini tu, pasipo kitu kingine. Bredibodi (ubao wa kuchomeka nyaya bila kuchomelea) itoshe kwa majaribio, lakini nyaya za lodiseli zenyewe zichomelewe. Milivolti 10 hazivumilii mguso uliolegea.

Hatua ya 9: Kusahihisha kipimo

Nenda dukani kwenye mizani iliyohakikiwa, omba upimiwe mfuko wa mchanga wa kilo 10 na mwingine wa kilo 20. Washa kifaa, kiache dakika kumi na tano kipate joto lake, rudisha sifuri. Weka kilo 10, andika namba. Weka 20, kisha 30. Gawanya kila namba kwa kilo zake. Majibu yakikaribiana, chukua wastani wake na uuweke kwenye amri ya set_scale katika programu, halafu soma kwa amri ya get_units. Yakitofautiana sana, rudi kwenye chuma kabla ya kugusa programu.

Fanya hivi hapahapa utakapokitumia. Uvutano wa London ni 9.81, wetu 9.78, kwa hiyo kifaa cha lodiseli kilichosahihishwa kule kingekupunja gramu 300 hivi katika kila kilo 100. Ukisahihisha kwa mchanga wa Mtwara, tofauti hiyo inaisha yenyewe. Chini ya paa la bati saa nane mchana sifuri itahama kidogo, basi irudishe kila unapoanza zamu.

Hewa ya bahari na mafuta ya korosho

Mtwara, Mikindani na Lindi chumvi iko hewani. Shaba huota kutu ya kijani, na mguso ulioota kutu ni rezista ambayo hukuipanga. Ukishahakikisha kila kitu kinafanya kazi, paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya sehemu zilizochomelewa za HX711, acha ikauke, kisha weka bodi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Nyaya ziingilie upande wa chini ili matone yasifuate waya hadi ndani.

Mafuta ya ganda yanababua ngozi na kunata kwenye kila kitu. Vaa glavu, na ikinge lodiseli kwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kulegea, usije ukaibana. Vitufe viwe vikubwa, vya kubonyezwa hata na kidole chenye majivu, kwa sababu wabanguaji wengi hupaka majivu mikononi kujikinga na mafuta hayo.

Kifaa hiki ni cha kupimia kisu na kujifunzia. Usikitumie kununua wala kuuza korosho kwa mtu. Mizani ya biashara ni lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, hata kama yako inasoma hadi nusu gramu. Kibandike maandishi yanayosomeka wazi, "Si mizani ya biashara", kabla hujakiacha kwenye kikundi.